Maua ya Uzi na Kidole cha Chokaa

Sisi tuliozaliwa kabla ya vita vya Hitla tulilelewa na mji wenye harufu. Ukipita vichochoro vya Kibokoni baada ya alasiri, ungeweza kufumba macho na bado ukajua umefika mlangoni kwa nani. Hapa kahawa inatwangwa, pale nguo zinafukizwa udi, mbele kidogo mtu anakaanga bajia na mafuta yamezidi moto. Na juu ya yote hayo, asumini. Zilichumwa zingali zimefumba, zikatungwa kabla ya magharibi, kisha zikachanua zenyewe kifuani mwa mtu, polepole, kadiri jioni ilivyoingia. Mwanamke aliyejua mambo hakujipamba kwa asumini iliyokwisha chanua. Hiyo ilikuwa ya jana. Leo kijana anajipulizia nusu chupa, akapita mbele yako kama duka zima la manukato limeanguka, na akishakata kona humkumbuki tena.

Mimi wakiniita Kiguu na Njia. Jina langu la haki ni Mwanaisha, lakini mamangu ndiye aliyelianza hilo jingine na mtaa wote ukalipokea. Nikitumwa chumvi, chumvi ilifika chakula kimeshaliwa. Si kwamba nilipotea. Nilikuwa nimesimama kumtazama fundi wa kufuli, au mwanamke anayesuka ukili, au punda aliyegoma njiani na watu wanne wanaomshauri. Nilicheza mdako kwa kokoto, nikacheza kibe mpaka wenzangu wakachoka kunitafuta, nikala maembe mabichi kwa chumvi na pilipili mpaka midomo ikavimba. Shule niliiacha mapema na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema. Shida ni kwamba mambo yote niliyotaka kuyajua yalikuwa upande wa pili wa dirisha. Baba akanitupia methali, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nikaona ni ahadi nzuri kabisa. Tangu hapo nimelala Tanga nikaamka Unguja, nimeuza mahamri Mwembe Tayari, nimepika katika nyumba za watu Kismayu, na ulimwengu haukunivunja moyo hata siku moja. Lakini mwalimu wangu wa kwanza sikumfuata mbali. Alikuwa akilala chumba kimoja nami.

Huyo alikuwa Shangazi Rukia, dada mdogo wa baba, aliyerudi kwetu kutoka Tanga baada ya kuachwa. Alirudi na sanduku la bati, tabia ya kucheka peke yake, na kijisindano cha chuma chenye ncha iliyopinda, alichokiita kulabu. Jirani yake wa Kigoa huko Tanga ndiye aliyemfundisha kufuma kwacho. Wanawake wengi wa mtaani kwetu walijua kufuma vitambaa vya meza, na vyao vilikuwa vizuri. Shangazi hakutaka vitambaa. Alitaka maua, tena si maua ya kumdanganya mtoto. Alitaka nyuki aje akosee.

Angeomba waridi kwa jirani, akaliweka kwenye sinia na kulichambua petali moja moja, kama achambuaye mchele, akiangalia ipi imeanzia wapi na ipi imeilalia ipi. Kisha kulabu ikaanza kazi. Kitanzi kinapita ndani ya kitanzi, mnyororo mwembamba unazunguka, unapanuliwa katikati, unabanwa nchani, mpaka petali inakunja ukingo wake bila kuambiwa. Akizimaliza alizichovya kwenye kanji, ule uji wa wanga waliokazia madobi kanzu, akazikausha juu ya mgongo wa kijiko au juu ya gololi alizomnyang'anya ndugu yangu. Vikonyo vilikuwa chelewa za ufagio zilizozungushiwa uzi wa kijani. Matumba ya asumini aliyajaza usufi, akayaacha yamefumba, kama yanavyotungwa ya kweli. Na katika kila shada lazima petali moja iwe na tundu, au ukingo wake uwe umeliwa. Nilimuuliza kwa nini anaharibu kazi yake mwenyewe.

"Ua ambalo hata mdudu hakulitaka," akaniambia, "wewe utalitakia nini?"

Wakati ule wa vita uzi uliadimika. Maduka ya Wahindi yalikuwa na makasha matupu yaliyopangwa vizuri ili mtu asikate tamaa akiwa bado mlangoni. Uzi wetu ulitoka kwenye magunia ya unga ya tanuri moja la mikate karibu na Makadara. Magunia yale yalishonwa mdomo kwa uzi wa pamba, na mshono wake una siri: ukivuta ncha iliyo yake, uzi wote unafumuka kwa mvuto mmoja, trrr, ukabaki mzima mkononi. Ukivuta ncha isiyo yake unafunga fundo, na utalala njaa ukilifungua. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na sitajinyenyekeza: hakuna mtoto wa Mji wa Kale aliyenishinda. Niliijua ncha kwa kuitazama tu.

Rangi tulizitafuta jikoni. Hina ilitupa kahawia, majani ya kuponda yalitupa kijani kilichochoka kidogo, na manjano ya mchuzi yalitupa rangi ya vilua. Kwa wasio na wakwe wa pwani: kilua ni ua dogo la manjano lenye harufu ya kumrudisha mume aliyenuna, nalo hutiwa kwenye vikuba, vile vishada vya kubandika kifuani, pamoja na asumini na rihani. Nyekundu ndiyo iliyotushinda. Rangi za dukani za kutilia ukili hazikuwa zikija tena, na Shangazi alikuwa akiitamani nyekundu kama mja mzito anavyotamani udongo.

Kumbe nyekundu tulikuwa nayo nyumbani, na mimi nilishaiona, ila sikujua kuwa ni habari. Siku moja nilikuwa nikimsaidia mama kutwanga manjano, nikajifuta viganja kwenye ukuta uliopakwa chokaa karibuni, ungali na unyevu. Ukuta ukatoka viganja viwili vyekundu, kama mtu amechinjwa akishikilia nyumba. Nikakimbilia sabuni, nikasugua mikono, na mikono nayo ikawa myekundu. Mama alinifinya sikio kabla ya kuuliza, ndivyo walivyouliza wakati ule. Jioni nikaokota kipande cha ndimu, nikajipaka kidoleni, na kidole kikarudi manjano. Nilishinda siku nzima ya pili nikijigeuza rangi, sabuni na ndimu, ndimu na sabuni, mpaka mama akauficha mche wa sabuni.

Sasa nimtaje baba. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake, lakini alikuwa na neno moja alilolirudia kila alipoukuta mkeka umejaa nyuzi.

"Rukia, uzi hauliwi."

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka Mwembe Tayari, aliyefiwa na mke, aliyemtaka Shangazi. Alikuwa na mali, alikuwa na kikohozi, na alishasema wazi kwamba mke wake hatakuwa na upuuzi wa kulabu. Shangazi hakumtaka. Baba akamwekea mpaka: harusi ya Salma ipite kwanza. Salma, binti wa nyumba inayotazamana na yetu, alikuwa amemwomba Shangazi amfumie shada la siku ya kupambwa, kwa sababu mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali na mashina ya asumini yalikuwa yamebaki fito. Kama watu wakilipokea shada hilo, na wengine wakaja kutaka la kwao, basi Rukia ana kazi, naye baba atanyamaza. Kama wakilicheka, atamjibu yule mzee ndiyo. Shangazi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufuma. Usiku huo hakucheka peke yake.

Waliokuwa tayari kucheka hawakukosekana. Wa kwanza alikuwa Bi Shekue, mamake bwana harusi, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, ambaye kijaluba chake, kile kikasha cha tambuu, kilimtangulia kila mahali. Aliposikia habari ya maua ya uzi alisema mbele ya watu kwamba mwanawe anaoa mke, haoi mto wa sebuleni. Neno hilo lilifika kwetu kabla ya jua kutua. Shangazi aliuliza tu kama Bi Shekue alikuwa akitafuna wakati akisema. Akaambiwa ndiyo. "Basi huenda hatukumsikia vizuri," akasema, akachukua uzi mwingine.

Siku ya kupambwa ilifika, na nyumba ya akina Salma ikajaa wanawake mpaka ngazini. Salma alikaa juu ya kitanda cha samadari, macho chini, mikono na miguu imeiva hina, na shada likiwa mapajani mwake. Nimeona maua mengi katika miji mingi. Sijaona kama yale. Matumba ya asumini yalikuwa yamelaliana kama yanayosikiliza siri, majani ya rihani yamekunja ncha, na katikati vilua vya manjano, vimeshafukizwa udi na kupakwa tone la mafuta ya asumini. Watu waliingia, wakainama, wakanusa, kisha wakatazamana. Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona yametoka shamba la nani. Nikamwambia yametoka Makadara kwenye magunia ya unga, akanikasirikia kwa kumfanyia mzaha.

Ngoma ikawa inapigwa, na kama ilivyo desturi mtu akapita na mrashi akinyunyizia marashi, bibi harusi, wageni, shada na vyote. Ndipo Bi Shekue alipoingia. Alikaa karibu na Salma, akafungua kijaluba, akapaka chokaa kwenye jani la tambuu kwa kidole chake cha shahada, akalikunja, akatafuna. Alikuwa amekuja kutafuta kasoro, na nilimwona akiitafuta. Alilitazama shada kwa jicho moja, halafu kwa yote mawili. Alipodhani macho ya watu yako kwa wapiga ngoma, alinyoosha mkono akaminya kilua kimoja. Akaminya cha pili. Akanusa kidole, akakunja uso, akaminya cha tatu. Hakuweza kuamua, na mwanamke yule hakuzoea kutoweza kuamua.

Haikupita muda, msichana aliyekaa miguuni pa Salma akasema kwa sauti ndogo ambayo chumba kizima kiliisikia, "Maua yanatoka damu."

Vilua vitatu vilikuwa vyekundu. Si wekundu wa kuchora. Wekundu uliokuwa ukitembea, ukienea kwenye uzi uliolowa marashi kama unavyoenea wino. Ngoma ikakatika. Salma akanyanyua macho, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

"Yaondoeni," Bi Shekue akasema. Yeye mwenyewe alikuwa ameogopa. "Sitaki kisirani kwenye nyumba ya mwanangu. Nilisema mimi. Yaondoeni hayo."

Mimi nilijua. Nilikiona kile kidole cheupe kwa chokaa, nikaukumbuka ukuta wetu, nikafungua mdomo. Shangazi akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, nikaufunga. Kwa miaka mingi nimejiuliza ningefanya nini mahali pake. Maisha yake yalikuwa yamelala pale mapajani mwa Salma, na jibu lilikuwa kwenye kidole cha mtu. Angenyoosha mkono tu, akamwonyesha, chumba kizima kingemwamini. Na Bi Shekue angebaki na aibu hiyo mbele ya mkwewe mpaka kaburini, na Salma angeilipa kila siku.

Shangazi alisogea, akakaa chini, akasema kwa adabu, "Bi Shekue, nikuulize wewe uliyefua zaidi yangu. Doa la mchuzi kwenye kanzu likipata sabuni huwaje?"

"Huwa jekundu," Bi Shekue akajibu kabla hajafikiri. "Nani asiyejua hilo?"

Wanawake wakaguna. Kila mmoja alikuwa na kanzu ya mumewe kichwani.

"Basi hayo ni manjano ya mchuzi, bibi, si damu. Yamegusana na kitu kikali." Akanigeukia. "Mwana, ile ndimu iliyobaki kwenye hina."

Nilikwenda na kurudi kabla neno halijakauka, na hiyo ndiyo mara pekee utotoni mwangu niliyotumwa nikafika kwa wakati. Shangazi akakamua tone juu ya kilua kimoja. Chumba kizima kiliinama. Wekundu ukarudi nyuma, ukingoni kwanza, kisha katikati, ua likawa manjano kama lilivyozaliwa. Mtu akapiga kigelegele kimoja, cha kujaribu, akanyamaza.

"Na hata yangeachwa mekundu," Shangazi akaendelea, macho yake yako kwenye mkeka, "mtakawa, ule mti wa pale ufuoni, huchanua ua la manjano asubuhi, jioni ua hilohilo likawa jekundu. Hatusemi linatoka damu. Twasema limejua kuwa jioni imefika."

Hakumtazama Bi Shekue. Bi Shekue ndiye aliyekuwa akimtazama yeye. Kisha akakiinua kidole chake mwenyewe, akakiangalia upande huu na upande huu, taratibu, kama anakiona mara ya kwanza. Niliona anavyoelewa. Aliacha kutafuna.

Angeweza kukifuta kwenye leso yake, habari ikaishia hapo. Badala yake alikiinua juu, watu wote wakione.

"Jioni hiyo nimeileta mimi," akasema. "Kwa kidole hiki. Nimeyaminya nijue kama ni ya kweli, na wallahi mpaka sasa sijui."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka mtaa wa Kuze. Salma naye akacheka huku machozi yakimtoka, wanja ukaharibika, ikabidi apambwe upya. Lakini Bi Shekue hakuwa amemaliza. Alifungua tena kijaluba, akachota chokaa, akalivuta shada karibu. Akagusa kilua baada ya kilua, hata kile kilichotiwa ndimu, kwa uangalifu ambao nisingemdhania, kama mtu anayempaka mtoto dawa ya jicho.

"Mke wa mwanangu," akasema, "hapambwi kwa maua nusu nusu."

Basi hapo ndipo palipozaliwa desturi moja ambayo vitabu havitaitaja. Kabla ya mvua kuja, mabibi harusi wa Kibokoni na Kuze walikuwa wakitaka shada la Rukia, na wakilitaka na vilua vyake vya manjano, ili mama mkwe aje akae, afungue kijaluba, aviguse mbele ya watu. Vikiwa vyekundu, bibi harusi amepokewa. Nilisikia baadaye wasichana wakiambiana kwamba jambo hilo limetoka Hijazi zamani sana. Nikanyamaza. Mtu asiharibu nasaba nzuri. Shangazi naye alipata nyekundu aliyoitamani, akafuma mtakawa wenyewe, manjano ukingoni na damu ya mzee moyoni, kwa unyoya wa kuku uliochovywa chokaa.

Kuhusu baba, wiki chache baadaye Shangazi alimwekea sinia ya halwa iliyoletwa na nyumba moja ya harusi kwa shukrani, ingali moto, imejaa iliki. Baba akauliza ni nini.

"Uzi," Shangazi akamwambia. "Kula, kaka."

Baba alikula. Yule mzee wa Mwembe Tayari akajibiwa kwa heshima, akaoa mwingine, na nasikia kikohozi hakikumwacha.

Kulabu ya Shangazi ninayo mimi. Imekwenda nami kila mji nilioupita, na mara nyingi ilinilisha pale ambapo cheti cha shule kisingenisaidia. Sasa miguu imeanza kukataa, nami nakaa kwa mjukuu wangu Nuru, hapa Tononoka, nikitazama njia badala ya kuipita. Nuru naye anafuma maua ya uzi. Hakujifunza kwangu, amejifunza kwenye simu, kutoka kwa msichana wa nchi ambayo hata mimi sijafika. Nilitaka kununa, lakini mkono wake ni wa Shangazi mtupu. Uzi unamfikia mlangoni umefungwa karatasi, rangi zote alizoumba Mungu na nyingine ambazo hakuziumba, na mashada yake yanakwenda mpaka Nairobi kwa watu asiowajua. Nilimshauri atoboe petali moja, kwa ajili ya mdudu. Akaniambia, "Nyanya, wateja watarudisha."

Juzi alimaliza shada lenye maua ya manjano, akaniwekea mapajani nilitazame. Alipogeuka kujibu simu nilichovya kidole kwenye chokaa ya tambuu yangu, nikalowesha ua moja kwa marashi, nikaligusa, nikangoja. Akanikuta bado nangoja.

"Hiyo rangi haitoki, nyanya, wala haigeuki," akasema kwa fahari. "Hata ukiifanya nini."

Namwamini. Maua yake yatakuwa manjano hivyohivyo sisi sote tukishasahauliwa. Ya Shangazi yalipaushwa na jua kabla Salma hajapata mtoto wa pili. Lakini yale, yakiguswa, yalijua.